Dawa Mpya ya Seli Mundu

Kwenye basi la kwenda hospitali, mama mmoja aliyempakata mwanawe alimwambia mwanamke aliyekaa naye kwamba madaktari wanataka kumwingiza mtoto kwenye utafiti wa dawa mpya ya seli mundu. "Mwanangu si panya wa kujaribiwa dawa," alisema. Mimi nyuma yao nilijifanya natazama nje, lakini masikio hayana pazia.

"Mwingize, mdogo wangu," yule mwanamke akamjibu taratibu. "Binti yangu alikuwa hapati usingizi kwa maumivu ya mifupa. Alipoanza ile dawa, aliruka kamba mpaka nikamgombeza."

"Kwa hiyo amepona?"

"Homa ilimchukua mwezi uliopita. Daktari alilia kunishinda mimi. Akasema si dawa, ni homa tu."

"Na wewe ukamwamini?"

"Naamini alivyoruka kamba, mdogo wangu. Hayo mengine sijui."

Mama alimkumbatia mwanawe. Basi likasimama mbele ya lango la hospitali. Alipoinuka kushuka, aliuliza, "Sasa dada, huku unakuja kufanya nini?"

"Leo ilikuwa siku yake ya kliniki," alijibu. "Nimejikuta tu nimepanda."