Glavu za Alberto

Wasikilizaji wapendwa, leo nina hasira. Nasema mapema, ili asiyetaka kuisikia azime redio aendelee na shughuli zake. Tunamkumbuka Alberto Leonel, mzaliwa wa Mahurunga, mkazi wa Rahaleo, msimamizi wa wabanguaji wa korosho. Tumemzika Ijumaa iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Msimamizi, wasikilizaji. Mlishike neno hilo.

Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakalima mihogo pale Mahurunga. Alberto alikua na Injili mkononi, na ukurasa mmoja ulimshinda kuuvuka: pale Yesu, mkubwa wa meza nzima, anapojifunga taulo na kuwaosha wafuasi wake miguu. "Baba watoto alikwama hapo," anasema mjane wake, Mama Odete. "Nikamwambia, mwenzangu, kitabu kina kurasa nyingine. Akanijibu, huu sijaumaliza."

Aliyewahi kubangua korosho anajua. Ganda lile lina mafuta yanayounguza. Bila glavu vidole vinababuka, vinakuwa vyeusi, ngozi inatoka. Na pale kiwandani, ambacho jina lake silitaji, glavu zilikuwepo. Zilikuwepo, jamani! Zimefungiwa stoo. Wakija wageni, kina mama wanavalishwa. Wageni wakishapanda gari, glavu zinakusanywa, zinafuliwa, zinarudi stoo. Kama vikombe vya kabatini!

Msimamizi peke yake ndiye aliyekuwa na glavu za kila siku. Alberto alizivaa miaka mingi tu, siwafichi. Mpaka siku alipomkuta mbanguaji mmoja, Saida, ananyonyesha mwanawe huku viganja kavizungushia kanga, asije akamuunguza mtoto. Alberto akavua glavu zake akamvisha.

"Nikamuuliza, kaka Alberto, na wewe je?" anakumbuka Saida. "Akasema, nyamaza wewe, bangua."

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu Alberto alikaa mezani na kina mama, mikono mitupu, akabangua. Kila Jumatatu alipanda ofisini kuomba stoo ifunguliwe. Kila Jumatatu aliambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Viganja vyake vikawa vyeusi kama vyao.

Mwaka huu meneja wake, Bwana Fredi, akawapeleka wasimamizi semina hotelini. Mada? Uongozi wa Yesu! Ndiyo, mmesikia vizuri. Mkufunzi akasimulia habari ya taulo na beseni, na Bwana Fredi akapiga makofi kuwashinda wote. Alberto akadhani sasa mkubwa wake ameelewa. Akanyoosha mkono, ule ule mweusi.

"Meneja, kwa hiyo stoo tunafungua lini?"

Watu wakaendelea na soda zao.

Wiki iliyofuata wakaja wageni. Glavu zikagawiwa. Alberto akasimama mbele yao akasema, "Kina mama, vueni." Wanawake ishirini wakavua. Wakaweka mikono juu ya meza, na yeye akaweka ya kwake. Wageni wakatazama sakafu.

Siku hiyo hiyo akavuliwa usimamizi, akapelekwa uani kubeba magunia. Mtu wa miaka hamsini na nane! Ana presha, na Fredi alijua kwamba ana presha! Wiki ya tatu alianguka, gunia likiwa mgongoni. Hakuamka.

Na msibani nani alishika kipaza sauti? Bwana Fredi, suti nyeusi, akatuambia tumempoteza kiongozi mtumishi. Mtu hana hata chembe ya haya! Mimi nilikuwepo, nikashindwa kukaa, nikatoka nje.

Haikuisha hapo. Jumatatu, watu wangali mkekani, mtunza stoo akatumwa Rahaleo na karatasi: marehemu hakurudisha jozi moja ya glavu, mali ya kiwanda. Mama Odete aliisoma mara mbili.

"Ziko kwa Saida," akasema. "Mwambie Fredi aende mwenyewe akamvue. Mtoto wake akiwa anatazama."

Mama Odete, wewe na wanao, na ndugu wote wa Mahurunga, poleni sana. Mungu amlaze Alberto mahali pema. Nanyi mnaoongoza watu, mkafungua Injili Jumapili na kufunga stoo Jumatatu, leo msinipigie simu kuniambia mmeguswa. Tazameni viganja vyenu, kisha mtazame vya mnaowaongoza.

Asubuhi hii nimepita kiwandani. Stoo bado imefungwa. Saida hakuwa na glavu. Niliposhtuka, akanionyesha meza ya pili: wanapokezana, saa moja kila mtu, wanawake ishirini kwa jozi moja. Kwa hiyo Bwana Fredi, kama unanisikia, siku ukienda kuzichukua, uliza kwanza ni zamu ya nani.