Aliyesomea Salamu

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni, na sitaki mmoja wenu aje aseme kesho kwamba hakusikia vizuri. Wewe kifungua mimba wangu, acha kusimama hapo kizingitini kama fundi anayesubiri kuitwa. Paa hili uliliezeka kwa mikono yako, ingia ukae. Na wewe binti yangu, uliyetua jana na begi lako bado hujalifungua, kaa upande huu wa kitanda. Najua hamjasalimiana. Mgonjwa akilala sana macho yanachoka, lakini masikio yanapata makali. Mjukuu wangu, mwinue bibi yako kidogo, weka na ule mto wa pili. Hapo hapo. Ahsante, mama.

Daktari amenieleza bila kuzunguka, nami nikamshukuru. Kwa hiyo leo nasema mimi, na atakayenikatiza nitamkatiza pia, japo kwa kukohoa.

Nianze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni ya kaka. Siyo kwa sababu ni mwanamume. Ni kwa sababu alibaki. Paa lilipovuja aliliziba yeye, na baba yenu aliposhindwa kuinuka alimwinua yeye kila kulipokucha, wakati sisi wengine tukiuguza kwa simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kiwanja cha barabarani ni cha dada, ajenge asijenge, aishi huku aishi huko, ili asije akawa mgeni kwao. Mjukuu atachukua vitabu vyangu vyote na lile koti zito la kijivu, ambalo nondo wamelionja wakalisusa. Huko anakotaka kwenda kusoma kama mimi kuna baridi. Ndiyo, wewe baba yake, nimekuona umekunja uso. Kunja tu. Nitafika huko.

Nilipopata nafasi ya chuo, kusomea uhusiano wa kimataifa, nilikuwa mke wa watu tayari. Baba yenu mkubwa, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akajishika mbavu. “Shemeji,” akasema, “uhusiano na mama mkwe tu haujakaa sawa, sasa unataka wa kimataifa?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka, kwa sababu alisema kweli. Tangu siku hiyo akaniita Msomea Salamu, kwamba nimekwenda kujifunza kusalimia wageni. Baba yenu peke yake hakucheka. Alisema, “Mwacheni akasome. Hata salamu ina wenyewe.” Msije mkadhani nilisafiri kwa kumponyoka mume. Alinifungia mizigo kwa mikono yake.

Chuoni tulisoma mikataba, vita, na jinsi mataifa yanavyonuniana na kupatana. Tulikuwa na mwalimu mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyempa kila mwanafunzi nchi yake ya kuitetea mbele ya wenzake. Mimi akanipa nchi ambayo askari wake walimfukuza babu yangu shambani kwake. Nikakataa. Nikatoka nje nikalia kwenye korido. Akanifuata, akaniambia, “Sikukutuma uwapende. Nimekutuma ujue wanaogopa nini. Wanachokitaka wanakitangaza redioni, kila mtu anakijua. Wanachokiogopa ndicho kitakachokupa kazi.” Nikarudi ndani na macho mekundu, nikaitetea ile nchi mpaka wenzangu wakaninunia. Mengi niliyosoma yamenitoka kichwani, lakini lile la kwenye korido nimelitembeza dunia nzima.

Baada ya chuo nikaajiriwa na shirika la kusuluhisha nchi jirani zinazogombana, wakanipeleka mbali, kwa watu ambao lugha yao niliitafuna kama mahindi mabichi. Nilidhani nitakaa kwenye meza ndefu zenye bendera. Nikakuta kazi yenyewe ni kukaa kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi za watu, ukiambiwa mkubwa yuko kikaoni. Mjukuu, hilo usiseme sikukwambia.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu, yanitulize koo.

Sasa sikilizeni hili la darajani. Nchi mbili zilikuwa zikigombea mto, na katikati kulikuwa na daraja la chuma. Mtu mmoja, mpasua mbao, alifia upande wa kazini kwake, na kwao kulikuwa ng'ambo. Mkewe akaja na jeneza kwenye pikapu, na pikapu ikazuiwa katikati ya daraja, jua la mchana limewaka. Ofisa wa upande huu anasema hamruhusu maiti atoke mpaka mwenzake asaini kwamba amempokea. Ofisa wa ng'ambo anasema akisaini kwamba amempokea pale darajani, amekubali kwamba mpaka uko darajani, na serikali yake haijakubali. Hakuna aliyekuwa mwongo hapo. Na mjane amekaa nyuma ya gari, amefungua kitambaa chake cha kichwa, analipepea jeneza. Analipepea, wanangu, kana kwamba aliyemo anasikia joto.

Wenzangu walitaka tupige simu makao makuu. Nilijua wakubwa wangejibu mjane ameshazeeka pale pale. Nikamwendea wa kwanza, nikamwuliza, “Afande, ukimwachia huyu, unaogopa nini?” Akatazama nyuma, akatazama mbele, akasema kwa sauti ndogo, “Aliyenitangulia hapa aliachia gari bila saini. Leo hana kazi, na watoto wake wanasoma na wangu.” Nikavuka kwa wa pili, nikamwuliza vile vile. Akanionyesha mabati ya kijiji chake kwa kidole. “Nikikosea neno moja,” akasema, “pale wataniita mtu aliyeuza mto.”

Basi nikaketi chini, nikaandika kama tulivyofundishwa: kwamba marehemu amekabidhiwa na amepokewa kwa heshima yake yeye, na kwamba hakuna neno humu linalosema mpaka uko wapi. Wakasoma, wakaridhika. Halafu, mtacheka, wakaanza kugombana nchi ya nani itajwe kwanza! Jeneza lipo pale! Nikaandika karatasi ya pili, kila mmoja nchi yake ikatangulia kwenye karatasi yake. Wakasaini. Na pikapu ilipokataa kuwaka, wale maofisa wawili walivua kofia zao wakaisukuma pamoja mpaka ng'ambo.

Mjane hakunishukuru. Alinitazama sana, akaniuliza, “Wewe kwenu wapi?” Nikamwambia. Akasema, “Mbali hivyo? Na wa kwenu wakifa, anawazika nani?”

Nilikuwa na jibu la kila swali la mpaka. Swali la mjane nikalibeba nikaondoka nalo. Mwaka uliofuata mama yangu alifariki, na nilipofika nikakuta kaburi limeshaanza kuota majani. Mjukuu, vitabu havina ukurasa wa jambo hilo. Mtembea bure si mkaa bure, wanasema, nami nimevuna mengi huko; lakini anayetembea hulipia kwa vitu ambavyo hawezi kurudi kuvichukua.

Ndiyo maana nawaita nyinyi wawili. Tangu tumzike baba yenu hamsemezani. Dada alikwama kwenye uwanja wa ndege wa watu, kaka hakumsubiri, na kaburi likafunikwa kabla hajafika. Wazee wa ukoo wamewakalisha, wakawauliza kila mmoja anataka nini. Mmoja anataka kuombwa radhi, mwingine anataka kuheshimiwa. Yamekwisha? Hayakwisha. Mimi siwaulizi hilo. Wewe, kaka. Siku ile, kama ungesubiri, ulikuwa unaogopa nini? Usinitazame mimi. Mtazame dada yako.

Ongeza sauti, baba.

Umesikia, binti yangu? Aliogopa ungefika ukaona baba alivyokonda, ukadhani hakutunzwa. Mtu mzima huyu, mwenye mvi, alikuwa anakuogopa wewe. Na wewe je, unaogopa nini mpaka leo?

Ah. Kwamba hatukukusubiri kwa sababu hatukukuhesabu tena kuwa wa hapa.

Mnaona, basi. Mmoja alikimbia hukumu, mwingine akakimbia kusahauliwa, na mkapishana mlangoni miaka yote hii kama wapangaji. Shikaneni mikono. Siyo kwa ajili yangu, mimi ni wa kupita. Hivyo. Msiachie upesi.

Nilaze kidogo, kifua kimebana.

Sasa huyu mtoto. Mwanangu, umesema shahada ya maneno haijengi ukuta, asome kitu cha maana. Mimi nakufahamu tangu ulipokuwa tumboni unanipiga mateke. Siyo shahada inayokukosesha usingizi. Unaogopa siku yako ikifika hatakuwepo. Sivyo? ... Lia tu, si aibu.

Sitakudanganya, mwanangu. Huenda asiwepo. Siwezi kukuahidi, na yeye asikuahidi. Lakini ukimfunga kamba ukambakisha, atakuwepo mwili, na utamzika wewe kabla hajakuzika.

Mimi mnizike mapema. Aliye karibu atoshe, aliye mbali asilaumiwe. Hotuba ziwe fupi. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha. Mama mkwe wangu yuko kule makaburini, mniweke jirani naye. Tutazungumza.

Mungu awape ndimi zinazouliza kabla ya kukata. Awafungulie njia, wa kwenda na wa kubaki. Nyumba hii isikose moto jikoni. Mliyonikosea nimeyaachilia... yote... nendeni mkiwa wepesi.

Mjukuu, inama... simama mbele ya baba yako. Na wewe, baba, mpe ruhusa kwa kinywa chako. Mimi siwezi kumpa... mtoto ni wako.

Sema, mwanangu. Macho nimefumba tu.

Nakusikia.