Usitutie Majirani

Ndugu waombolezaji, wa nyuma naomba mnyamaze kidogo, na wa mbele msianze kucheka kabla hatujafika pa kuchekea, maana tunamsindikiza kaka yetu, Fundi Komeo, bingwa wa makufuli, ambaye mwenyewe alisema msiba usio na kicheko ni chai isiyo na majani.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la chumvi, akiwa mzito hata mkunga akadhani ni mapacha walioshikana, na mama alisimulia kwamba kilio chake cha kwanza kilifungua mlango wa kabati. Alianza shule Januari 1959, akaiacha darasa la sita, si kwa ujinga, ila shule yenyewe ilishindwa kumfuata. Shule ya Jumapili aliimaliza, na huko ndiko alikoliokota kosa lake, kwa sababu aliketi benchi la mwisho, nyuma ya watoto warefu kama milingoti, na Sala ya Bwana ilipofika sikioni mwake, penye "usitutie majaribuni" yeye akasikia "usitutie majirani", akaishika hivyo hivyo, wachungaji wanne wakamsahihisha, wote wanne wakastaafu kabla yake.

Mwaka 1969 alianza ufundi, meza yake ya tupa na shaba ikiwa chini ya ngazi za posta, akakaa hapo miaka arobaini na nane, hata hakukuwa na kufuli mjini ambalo halikumwamkia shikamoo. Jina la Komeo alilipata kwa kumwambia kila mteja, "Funguo hupotea, ndugu yangu, tia komeo la ndani, hilo hata mimi silifungui."

Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu. Lakini tusifichane, kaka alikunywa, na alikunywa mpaka mbu aliyemuuma akarudi kwao akiyumba. Jumapili tarehe 6 Mei 1984 alitubu mbele ya kanisa zima, akaacha, na shemeji akamwambia, "Nimekusamehe, baba watoto, ila siku utakayoigusa tena, ndani hunikuti."

Shetani naye ana ratiba yake. Mwezi uleule, chumba cha pili, ukuta mmoja, akahamia Mama Povu, muuza pombe, yule pale mbele mwenye kitambaa cha bluu, usijifiche, mama. Kila jioni kaka alipiga magoti na kunguruma, "Usitutie majirani!" naye Mama Povu akigonga ukuta, "Hata wewe, mlokole! Jirani gani anakoroma kama mashine ya kusaga?"

Tarehe 7 Agosti 1991 binti yao wa mwisho, mwenye miaka sita, alichukuliwa na homa ya siku mbili, akazikwa kesho yake. Ijumaa tarehe 9, alasiri, shemeji akiwa amelala na kigauni ambacho hakuwahi kukimalizia pindo, kaka yetu alitoka nje, akatembea hatua kumi na mbili, akafika kwa Mama Povu. Mama Povu alimwona dirishani, akautazama uso wake, akawatoa wateja wote kwa mlango wa nyuma, akatia komeo.

"Nifungulie."

"Sifungui."

"Mama Povu, nimekuja kama mteja."

"Miaka saba nakusikia ukimwomba Mungu asikutie kwangu. Leo kakusikia. Rudi kwa mkeo, baba."

Kaka, ambaye angeweza kufungua hata jela kwa mfupa wa samaki, alitoa vyuma vyake mfukoni, akaupapasa mlango, akakumbuka kwamba komeo lile alilitia kwa mikono yake mwenyewe. Akaketi kizingitini, akalia, na upande wa pili wa mlango Mama Povu naye akaketi akalia, mpaka shemeji akaja, akamshika mkono, wakarudi pamoja. Hakugusa tone siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Jioni hiyohiyo aliirekebisha sala yake, si kama wachungaji walivyotaka, aliondoa silabi moja tu, akaomba, "Ututie majirani."

Januari 2019 alianza kuugua figo, akalazwa, na Alhamisi tarehe 2 Mei 2019, saa nne asubuhi, shemeji akiwa kichwani na Mama Povu miguuni, alianza Sala ya Bwana, akafika pale pake, pumzi ikakataa. Mama Povu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisali, akaimalizia kwa ajili yake, "Ututie majirani, baba, amina," naye kaka akatabasamu, akaenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia miezi minne, mafundi wenzake wa chini ya ngazi, ambao tangu juzi wameifunika meza yake kwa shuka safi, na majirani, hasa wa ukuta mmoja, maana Mungu alipotaka kumlinda kaka yetu hakutuma malaika, alituma komeo na mwanamke mbishi nyuma yake.

Pumzika kwa amani, kaka, na huko uendako, Mungu akutie majirani.