Ngazi za Maabara ya Zamani

Nilikaa nyuma yao ndani ya basi la chuo, na masikio nayo hayana pazia. Mhadhiri wa kemia alikuwa anamwambia mama aliyekaa dirishani kwamba maabara ya zamani itabomolewa.

Mama huyo, mwalimu mstaafu, aligeuka kutoka dirishani. "Baba yangu alinisubiri kwenye ngazi zake siku ya mtihani wangu wa mwisho," akasema. "Alidhani ndani haruhusiwi mtu asiyesoma. Nilipotoka nilimkuta palepale, ameloa mvua chapachapa, anacheka. Kaburi lake liko mbali, mwanangu. Hapo ndipo ninapokuja kumsalimia."

"Pole, mama. Lakini mimi nafundisha humo. Juzi kipande cha dari kilimpasua mwanafunzi wangu kichwa. Roho ya mtu haina spea."

"Dari siitetei. Ziacheni ngazi tu."

"Ngazi zisizokwenda popote, mama?"

"Baba naye hakwenda popote. Alikaa."

Basi liliposimama langoni mhadhiri alishuka kwanza, akampa mama mkono, wakaelekea kwenye zile ngazi huku wakibishana, kwa mwendo wa mama.