Mikono Laini ya Mafundi Wangu

Mheshimiwa Waziri, waheshimiwa wakurugenzi mlioinuliwa na Mfuko wa Kunusuru Viwanda, mafundi wenzangu mliosimama kule nyuma, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Mkaguzi Mkuu unayestaafu leo: nawasalimu kwa heshima.

Najua mnanong'ona: huyu si yule aliyefungwa? Nani kampa kipaza sauti? Kanipa Mama mwenyewe.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha vipuri. Mfuko ulitupa fedha za kuwarudisha kazini mafundi sitini. Nikawarudisha ishirini. Mishahara ya wale arobaini ikaninunulia gari, na zulia la ofisini la kuzamisha viatu.

Mkaguzi alipotangaza kuja, niliwavika ovaroli makarani, mabinamu, na shemeji yangu kinyozi. Arobaini kamili! Vitabu navyo vilikuwa safi. Lakini Mama hakuomba vitabu. Alipita mashine hadi mashine akimpa kila mtu mkono, nami nikajisemea, mama wa watu ana adabu huyu! Kumbe ndio ukaguzi wenyewe. Akamfikia shemeji.

"Fundi, mashine hii inafanya nini?"

"Inazunguka, mama."

Cheka, shemeji, nakuona.

Akanigeukia. "Mkurugenzi, mafundi wako arobaini wana mikono laini kuliko yangu, nami kazi yangu ni kalamu. Wenye mikono migumu wako wapi?"

Ndugu zangu, nilijua walipo. Walikuwa majumbani, watoto wao wamefukuzwa shule kwa kukosa ada. Niliona aibu ambayo haijanitoka mpaka leo. Wakubwa walimpigia simu: funika kombe mwanaharamu apite. Yeye akalifunua mbele ya Bunge. Gari likauzwa, kifungo nikakitumikia, na mafundi wote arobaini wakarudi kazini.

Nilipotoka, nani angeniajiri? Ni mmoja wa hao arobaini, ambaye sasa ndiye msimamizi wa karakana. Aliniambia, "Njoo, lakini utaanza na ufagio." Nikaanza na ufagio. Leo nina mashine yangu, na haizunguki tu.

Wapo watakaomsifu Mama kwa mabilioni aliyookoa. Mimi namshukuru kwa swali moja. Na atakayerithi kiti chake, simu za wakubwa zitamfikia. Tunamwomba awasalimie mafundi kwanza.

Asanteni kwa kunitegea masikio. Mama, kabla hujaondoka, naomba mkono wako tena. Nimetoka zamu asubuhi hii. Nimenawa mara tatu, grisi imekataa kutoka.