Udongo, Rangi na Mkono Wangu wa Kulia

Assalaam aleikum, mama zangu, dada zangu, na nyote mliokuja darsani leo hapa Msambweni! Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniamsha nikiwa na ulimi wa kusema. Maana ulikuwako wakati ulimi huu ulikuwa mzito mdomoni, na waliokuja kunitazama walikuwa wakifika mlangoni wanaanza kunong'onezana, "La kuvunda halina ubani." Nilikuwa nawasikia! Kiharusi kilichukua mkono, masikio kiliniachia.

Mimi ni Mejumaa, mzaliwa wa Gazi, nimeolewa Kinondo. Wengi wenu mnanijua kwa hina. Bibi harusi wangapi wa pande hizi wameingia ukumbini na maua yangu mikononi? Mkono huu wa kulia ulikuwa ukichora mistari myembamba mpaka watu wanauliza kama ni wino. Nilikuwa najivunia, sifichi. Alhamdulillahi.

Asubuhi moja nimeinuka kupika chai, sufuria ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, nikajikuta niko chini pamoja nayo. Mume wangu Bakari, anayetembeza watalii kwa boti kule Diani, ndiye aliyenibeba kunipeleka hospitali. Nilipotoka, mguu nilikuwa nauburura na mkono wa kulia unaning'inia tu. Nikiugusa, ni kama naugusa mkono wa mtu mwingine.

Ndugu zangu, mnajua kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo si ya kwenye sinia. Sasa mimi nikawa nala kwa kushoto, nasalimia kwa kushoto. Mwalimu wetu wa darsa aliniambia waziwazi kwamba mwenye udhuru halaumiwi, Mungu amemruhusu. Lakini mavyaa wangu, Bi Riziki, mama yake Bakari, alikuwa na yake. Mwanangu mdogo, Rukia, alikuwa bado wa kulishwa. Siku nilipomtilia tonge kinywani kwa mkono wa kushoto, Bi Riziki aliliondoa sinia mbele yangu.

Akasema, "Dini naijua, Mejumaa. Lakini mjukuu wangu hatalishwa kwa mkono huo ndani ya nyumba yangu. Nenda kwa mamako ukauguzwe. Mkono ukirudi, watoto watarudi."

Nikarudishwa Gazi bila Rukia na bila kaka yake Hamisi. Bakari hakuniacha, na wala hakunisemea. Alikuwa akija kuniona, anakaa ukingoni mwa kitanda anatazama miguu yake, kisha anaondoka. Nililia, jamani! Nililia mpaka mamangu akachoka kunisikia.

Na mamangu hamumjui. Yule si mama wa kubembeleza. Chumba cha nyuma cha nyumba yake kilikuwa kimemong'onyoka ukuta kwa mvua za masika, fito zimebaki nje kama mbavu. Alikuwa ameshachanganya udongo. Akaja, akaninyanyua, akaniketisha kando ya lile shimo la udongo, akaushika mkono wangu uliokufa akautumbukiza ndani mpaka kiwiko.

"Huu si mgonjwa, ni mvivu tu," akasema. "Unataka watoto? Watalala wapi? Haya, kandika!"

Nilimwona mkatili. Lakini hata hospitali waliniambia nisiuache mkono ukalala. Basi tukawa tunakwenda hivyo: mkono wa kushoto unaubeba wa kulia, wa kulia unabeba udongo, tunaubandika ukutani pamoja. Majirani wakipita wanacheka, "Mejumaa, mkono mmoja hauchinji ng'ombe!" Nami nawajibu, "Nani amewaambia nachinja? Mimi najenga!" Nikaapa moyoni kwamba watoto wangu watalala ndani ya ukuta nilioukandika mwenyewe, na Rukia atakula kwa mkono wangu wa kulia.

Siku moja nikiwa nimeuzamisha mkono udongoni, nikasema, "Mama, baridi."

Mamangu akaacha alichokuwa akifanya. "Umesema nini?"

"Udongo una baridi, mama. Nauhisi!"

Yule mwanamke asiyebembeleza alikaa chini, udongo hadi usoni, akalia kuliko mimi. Allahu Akbar! Msinione natoa machozi sasa, ni ya furaha.

Ukuta ukaisha. Na hapo ndipo hatari ilipoanza, ndugu zangu, kwa sababu udongo ulipokwisha, mkono ukaanza kukakamaa tena. Kukandika ukuta usiobomoka siwezi, na hina ndiyo kabisa, vidole havikuweza kushika hata kijiti. Sasa Mungu hamtupi mja wake. Alikuwako fundi mmoja wa mabango, Kyalo, kijana wa Kikamba anayekaa Ukunda, aliyekuja Gazi kuandika jina la duka la jirani yetu. Akaniona nasugua kiganja ukutani pasipo sababu. Hakuuliza mengi. Akaniachia makopo ya rangi ya akriliki yaliyobaki, ile rangi nzito inayochanganywa na maji, ambayo ikikauka haitoki. Akanipa na ubao wa zamani wa bango la kinyozi. "Geuza upande wa nyuma, madam, ujibambe nayo."

Sikuwa na brashi, na ningekuwa nayo nisingeweza kuishika. Nilichota rangi kwa kiganja. Nikaichanganya na mchanga wa pwani na nyuzi za makumbi ya nazi, nikaibandika kwenye ubao kama vile nakandika. Sikuchora sura ya mtu, wala mti, wala mnyama. Nilibandika tu kilichokuwa moyoni: huku pazito, huku pembamba, hapa nimekwaruza kwa kucha, pale nimebonyeza kiganja chote. Kyalo aliporudi akapinda shingo kushoto, akaipinda kulia.

"Na hii ni nini, Mejumaa?"

"Ni nyumbani kwetu."

"Sasa mlango uko wapi?"

"Ungekuwa wa nyumbani ungeuona."

Akacheka mpaka akashika tumbo.

Lakini nilifanya kosa, na ni kosa la mtu aliyelelewa kwenye nyumba za udongo. Rangi ile niliipaka nene kama ukuta, kisha nikauanika ubao juani kutwa nzima kama ninavyouacha ukuta ukauke. Jioni kuutazama, umepasuka! Nyufa toka juu hadi chini. Kyalo akatikisa kichwa, akasema kimeharibika hicho, nikwangue nianze upya. Moyo wangu ulianguka. Nikajiambia, basi, hata hiki pia.

Mamangu alikuwa akichagua mchele. Hakuinua hata uso.

"Ukuta ulipoukandika mara ya kwanza, haukupasuka?"

"Ulipasuka, mama."

"Ukalia?"

"Sikulia. Tulisiriba juu yake."

"Na ungekuwa laini, huo udongo wa pili ungeshika wapi?"

Ndugu zangu! Mambo mengine Mungu hukuwekea ndani ya nyumba yako mwenyewe, na wewe unahangaika nje kuyatafuta. Sikukwangua kitu. Niliamua zile nyufa ndizo nitakazofanyia kazi. Nikachukua leso yangu ya harusi, nikaikata. Nikachukua leso kuukuu ya mamangu, ile aliyojifunga siku za udongo, nikaikata. Nikawa nasokota vipande, navichovya kwenye rangi, navishindilia ndani ya nyufa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kila ufa ulitaka nguvu, na kila siku nguvu ikaongezeka kidogo.

Ikabaki leso moja, ya zambarau yenye michoro ya korosho. Rukia alipozaliwa, Bi Riziki alileta jozi ya leso, akaikata katikati. Kipande kimoja akamfungia mtoto, cha pili akajifunga yeye, akaniambia, "Hii yako, hii yangu, mtoto wetu sote." Ile niliishika na mkasi, nikaiweka chini. Nikaishika tena. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli! Lakini nikasema, Mejumaa, ukidai ubao huu ni nyumbani kwenu halafu umtoe bibi wa watoto wako, utakuwa umechora uongo. Nikaikata. Nikaiweka kwenye ufa mkubwa kuliko zote, ule wa katikati.

Mwenye nyumba moja ya wageni kule Diani aliuona ubao ule kwa Kyalo, aliyeuazima kuuonyesha watu, akautaka sana. Nikamwambia huo una wenyewe, nitamtengenezea mwingine, na nimemtengenezea. Kyalo alishika kichwa kuona nimekataa pesa. Ule wa kwanza niliutundika kwenye chumba cha nyuma, juu ya kitanda ambacho hakikuwa na wa kukilalia.

Idi ilipofika, Bakari alileta watoto kunipa mkono wa Idi, na Bi Riziki akaja nao. Na amejifunga nini? Ile leso ya zambarau yenye korosho! Akaingia chumba cha nyuma kuvua buibui, akakawia. Nikamfuata. Nikamkuta amesimama mbele ya ubao, mkono mmoja uko kwenye ule ufa wa katikati, wa pili umeshika leso yake kiunoni.

"Umeikata," akasema.

"Nimeikata, mama."

"Na mimi umenitia humu? Baada ya yale?"

"Ningekutoa, pangebaki tundu."

Mamangu akaita, pilau limepakuliwa. Tukanawa, tukakaa mkekani kulizunguka sinia, na kila mtu akanitazama mimi huku akijifanya anatazama nyama. Nikasema bismillahi. Nikapeleka mkono wa kulia kwenye sinia. Nikakusanya wali, nusu ukaanguka, nikakusanya tena, nikaufinyanga kwa kile kidole gumba kilichoshindilia nyufa. Nikampelekea Rukia. Mtoto akanitazama, akamtazama bibi yake.

Bi Riziki akaokota zile punje zilizoanguka mkekani, akasema kwa sauti ndogo, "Kula, mwanangu. Ni mkono wa mamako."

Rukia akafunua kinywa.

Tulipomaliza akamwambia Bakari, "Kesho ulete nguo za watoto." Na kesho yake Bakari alileta nguo za watoto na zake pia, ingawa hakuna aliyemtuma.

Ndugu zangu, sikusimama hapa kuwaambia nimepona kabisa. Hina sijarudia, na mguu bado nauburura kukiwa na baridi. Nimesimama kumshukuru Mungu aliyenipa mama mkali, fundi mcheshi, na mavyaa mwenye moyo wa kurudi. Na wewe uliyekaa hapo nyuma, ambaye maisha yako yamepasuka na watu wanakwambia ukwangue, usikwangue! Mtegemee Yeye, chota udongo wa pili, anza kusiriba leo.

Sasa tuombe dua. Tukimaliza, njooni mmoja mmoja mnipe mkono. Mimi nitatoa wa kulia. Utatetemeka kidogo; ninyi ushikeni tu.