Lori la Sebuleni

Nje ya kibanda cha kinyozi, pale barabara inapokata kona kuelekea sokoni, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umeungwa kwa kipande cha bomba. Asubuhi linapata kivuli cha ukuta, na muuza kahawa hutua birika lake hapo kabla ya kwenda kokote, maana anajua wateja wake watakuwepo hata mvua inyeshe. Yupo Kinyozi mwenyewe, anayenyoa ndani huku akibishana na walio nje kupitia dirishani. Yupo Stima, fundi umeme, ambaye huchomeka bisibisi sikioni kama karani na kalamu yake. Yupo mwalimu wa hesabu wanayemwita Kipeuo. Na yupo Breki, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyestaafishwa mwaka huu kwa amri ya daktari. Mgongo wake umelika kwa miaka mingi ya kurushwarushwa kitini, na kampuni ikampa kiinua mgongo. Breki husimulia jambo hilo bila kucheka: walisubiri mgongo uvunjike, ndipo wakauinua.

Asubuhi hiyo Breki alikunywa kikombe cha kwanza, na cha pili. Kisha akasema anataka kununua kompyuta.

— Ya mjukuu, alisema Kinyozi kutoka dirishani, kama mtu anayejua.

— Yangu.

— Utaandika nini, wewe uliyekuwa unasaini kwa kidole cha grisi?

— Siandiki. Nacheza.

Mkasi ulinyamaza mle ndani. Hata mteja aligeuza kichwa chenye povu kutazama nje.

Breki akaeleza. Majuzi alikuwa kwenye benchi lile lile anasubiri zamu ya kunyolewa, jirani yake akamwonyesha kitu kwenye simu. Mtu yuko chumbani kwake, mbele ya kioo cha kompyuta, anaendesha lori. Mvua inapiga kioo cha mbele, waipa zinakwenda. Lori likifika kwenye kizuizi linasimama, na breki za upepo zinapumua, pshii, kama zilivyokuwa zikipumua zake.

— Daktari kasema nisipande lori tena, alisema Breki. Hakukataza lori kuja sebuleni kwangu.

Hakuwaambia yaliyofuata. Hakuwaambia kwamba usiku ule chakula kilimshinda, wala kwamba tangu astaafu huamka alfajiri akiwa amekanyaga shuka kwa mguu wa kulia kana kwamba kuna mteremko. Mtu mzima hasemi vitu hivyo kijiweni. Alisema tu kwamba Mama Mizani amekubali.

Mama Mizani ni mkewe. Anauza nafaka sokoni, na Breki alizoea kusema kwamba maishani ameogopa mizani mbili tu: ile ya barabarani inayopima malori, na ya mkewe. Pesa ya kiinua mgongo ilipokuja, mama alitenga ya paa kwanza. Paa likaezekwa. Kilichobaki akamsukumia mumewe juu ya meza, akasema, "Hiki chako. Lakini ukikosea, mume wangu, usije ukanililia, maana hakina mdogo wake."

Na hapo ndipo penye kazi. Kompyuta ya michezo iliyokwisha kuungwa dukani ilikuwa ghali kuliko kilichobaki. Muuzaji akamshauri anunue vipuri, kimoja kimoja, aunge mwenyewe. Breki aliungama kwamba alitoka dukani na majina mengi kichwani kama abiria waliogombania mlango mmoja: prosesa, madabodi, memori, diski, kadi ya picha, pawa saplai. Kila kimoja kilikuwa na kidogo chake na kikubwa chake, na ukizidisha hiki lazima upunguze kile.

— Umekuja mahali penyewe, alisema Stima, akasogeza kikombe. Anza na umeme. Pawa saplai. Mengine yote ni mapambo.

— Kwa nini?

— Lori lako lilikuwa na injini ndogo?

— Kubwa.

— Na likipanda mlima likiwa na injini ndogo?

— Linarudi nyuma.

— Basi. Ukinunua pawa saplai dhaifu, ukifika mlimani kwenye mchezo taa za nyumba nzima zitafifia, na friji ya Mama Mizani itazima. Nunua ile kubwa kuliko zote. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Hiyo methali inahusiana nini na umeme? aliuliza Kipeuo.

— Inahusu kulia.

Kipeuo alitikisa kichwa kwa huruma, vile anavyomtikisia mwanafunzi aliyesahau kubeba moja.

— Umeme ni chakula, alisema. Lakini anayefikiri ni prosesa. Ndani yake kuna viini, na kila kiini kinafanya hesabu yake. Sasa tuambie, Breki, lori lako na tela lake lilikuwa na magurudumu mangapi?

— Kumi na nane.

— Kila gurudumu linazunguka?

— Likiwa zima.

— Na kila mzunguko ni hesabu. Kwa hiyo unahitaji prosesa yenye viini kumi na nane, kimoja kwa kila gurudumu. Na kimoja cha akiba, kwa spea.

— Kwani spea inazunguka? aliuliza muuza kahawa.

— Ikianguka inazunguka.

Breki alicheka mpaka akajishika kiuno. Lakini moyoni aliliweka hilo neno, kwa sababu Kipeuo amemsomeshea watoto wake, na mtu aliyekusomeshea mtoto hulibezi neno lake hivi hivi.

— Na memori je? aliuliza.

— Hapo ndipo pa kubana matumizi, alisema Kipeuo. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Wewe una mambo gani ya kukumbuka?

Kinyozi akatoka nje sasa, taulo begani, amemwacha mteja wake nusu kichwa. Alisema wote wawili wamepotea. Dereva ni macho. Yeye anawajua madereva, amewanyoa, na kila dereva akikaa kwenye kiti chake hutazama kioo kikubwa cha ukutani kama anatafuta njia ndani yake. Kwa hiyo pesa yote iende kwenye kioo cha kompyuta na kadi ya picha.

— Kioo kiwe kipana kama cha lori, alisema. Ukuta hadi ukuta. Na kadi ya picha iwe ile mpya kabisa, inayoonyesha hata jasho la askari wa barabarani.

— Hiyo kadi inachemka, alisema Stima. Ina feni tatu.

— Haraka haraka haina baraka. Mwekee rejeta.

— Rejeta ya gari?

— Ya lori lenyewe. Si anajua kuitia maji?

— Halafu itakaa wapi?

— Chini ya meza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mimi siinami, alisema Breki. Mgongo.

Ubishi ukakolea. Stima alichora kwa mkaa juu ya benchi jinsi waya mnene utakavyotoka kwenye mita hadi sebuleni. Kipeuo aliufuta kwa kiganja, akachora magurudumu. Birika likaenda na kurudi. Mteja mwenye nusu kichwa alitoka na shuka lake shingoni, akasema kaka yake aliwahi kuona kompyuta iliyofungiwa ndani ya jokofu, akakaribishwa kahawa. Mwishowe, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amechoka kushindwa, walikubaliana: pawa saplai ya Stima, prosesa ya Kipeuo, kadi na kioo cha Kinyozi. Breki alijumlisha kimoyomoyo. Kilichobaki kingekwisha chote, na huenda angelazimika kukopa kidogo kwa shemeji. Lakini kompyuta ingepatikana. Alijisikia kama mtu aliyepewa ufunguo wa lori jipya, akanyoosha miguu mbele, akavuta pumzi.

Hapo ndipo Mama Mizani alipotokea kona ya soko, kapu mkononi, anapita kuacha ufunguo wa nyumba.

— Salaam, wazee wa baraza.

— Salaam, mama, alijibu Kinyozi. Karibu. Tumemaliza kumtengenezea mzee kompyuta.

— Nimewasikia tangu kwenye mabanda ya vitunguu. Akamgeukia mumewe. Mume wangu, na usukani uko wapi?

— Usukani?

— Utaendeshea nini?

Stima aliitoa bisibisi sikioni, akaitazama ncha yake.

— Kuna vitufe, alisema Kipeuo polepole. Kwenye kibodi. Vile vyenye mishale.

Mama Mizani alivitazama viganja vya Breki, vilivyokuwa vimetulia juu ya magoti. Viganja vipana, vya mtu aliyezungusha duara kubwa maisha yake yote.

— Huyu? alisema. Kwa vitufe?

Akampa ufunguo, akaenda zake, na muuza kahawa akapindua birika, likatoa matone mawili na machicha.

Breki alibaki pale wengine walipotawanyika. Alijaribu, mbele yake hewani, kukata kona kwa kidole kimoja: mshale wa kulia, mshale wa kushoto. Akaona aibu, akashusha mkono. Kwenye simu ya yule jirani alikuwa ametazama mvua, kizuizi na kioo. Hakuwa ametazama mikono ya yule mtu. Mkewe, ambaye hakuona simu yoyote, ndiye aliyefikiria mikono.

Siku iliyofuata alimchukua Stima wakaenda dukani, na safari hii Breki aliingia kama alivyokuwa akiingia gereji, anauliza kwanza anayoyataka yeye. Alianza na usukani na pedeli. Vipya vilimshinda bei. Muuzaji akapanda ngazi akashusha seti iliyotumika, ngozi ya usukani imechubuka pale vidole gumba vinaposhika, na Breki akakaa nayo kwenye kigoda cha dukani, akakanyaga klachi mara kadhaa. Ilikuwa laini kidogo. Alisema itafaa. Baada ya hapo vipuri vingine vilijipanga vyenyewe nyuma yake. Kadi ya picha wakachukua ya mitumba, ya daraja la kati, ambayo muuzaji aliiwasha mbele yao wakaiona inafanya kazi. Prosesa ikawa ya viini sita, na Stima akakubali kubeba lawama mbele ya Kipeuo. Memori hawakubana, kwa sababu muuzaji alisema mchezo ule unaitaka. Pawa saplai ikawa ya kiasi, lakini nzuri. Kioo hawakununua kabisa, maana nyumbani kulikuwa na televisheni.

Jumamosi waliunga vitu mezani kwa Mama Mizani, kijiwe kizima. Kinyozi alifunga duka. Stima alikaza skrubu, Kipeuo alisoma maelekezo kwa sauti ya darasani, Breki alishika tochi. Walipobonyeza kitufe, kimya. Wakabonyeza tena. Kinyozi akasema nazi mbovu harabu ya nzima, na kwamba aliwaonya kuhusu mitumba. Breki akakumbuka maneno ya mkewe juu ya kitu kisicho na mdogo wake. Stima akafungua kila waya, akafunga upya, jasho likamtoka. Alipoinama kuchomoa plagi ndipo akaona swichi ndogo mgongoni mwa pawa saplai, bado imezimwa.

— Umeme ndio kila kitu, alisema. Niliwaambia.

Feni zikazunguka, televisheni ikawaka. Mchezo ulipokwisha kuingia, Breki alivuta kiti chenye mto wa mgongo, akakaa. Kwanza aliweka sawa vioo vya pembeni vya lori lile la mchezoni, kimoja kimoja, huku wenzake wakimwuliza anachelewesha nini. Mkono wake wa gia ukateremka kutafuta gia isiyokuwepo, ukatulia pajani. Akawasha injini. Sauti ilikuwa nene kidogo kuliko ya lori lake, lakini alipokanyaga breki na kuiachia, upepo ukapumua, pshii, sebuleni mwake, na Breki akakanyaga tena, akaachia tena, na hata Kinyozi hakumharakisha.

Mama Mizani alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaenda jikoni, akarudi na kiti, akakiweka karibu na cha mumewe, upande wa abiria. Akakaa, akaweka mikono mapajani.

— Miaka yote ile, alisema, nilikuomba nipande safari moja tu.

— Kampuni ilikuwa hairuhusu abiria.

— Na hili lori la kampuni gani?

Breki alifikiri.

— Langu.

— Basi tunakwenda wapi?

Breki alishika usukani kwa mikono miwili. Maisha yake yote safari ilikuwa imeandikwa tayari kwenye karatasi ya mzigo: chukua hapa, shusha pale, siku fulani. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Aliwageukia wenzake. Kipeuo alitazama paa jipya. Stima alijifanya anapanga waya, na Kinyozi, mwenye jibu la kila kitu, akauliza kama kuna kahawa nyumba hii.

Kwenye kona ya televisheni palikuwa na ramani ndogo. Mama Mizani aliisogelea, akaigusa kwa kidole kilichobaki na unga wa mahindi.

— Hii ya buluu ni nini?

— Maji.

— Mengi?

— Yanaonekana mengi.

— Basi twende hapo nikayaone.

Breki akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akaingia barabarani.